Pensheni kubwa inayokoma nikifa, au pungufu itakayomfuata mke wangu? Naomba ushauri

Machweo59: Wakuu, habari za jioni. Nastaafu baada ya miezi mitatu. Fomu inataka nichague: pensheni kubwa ya kila mwezi itakayokoma siku nikifariki, au pungufu ambayo mke wangu ataendelea kulipwa nusu yake hadi mwisho wa maisha yake. Bima ya afya ya kazini nayo inaisha na ajira. Usingizi umekata. Mimi naelekea kwenye kubwa.

Jembe Butu: Hongera kwa kumaliza salama. Ila chunga mkupuo! Mimi kiinua mgongo chote nilinunulia basi dogo. Mwaka wa pili liko juu ya mawe, majani yameota hadi mlangoni.

Bi Tausi: Kaka, hajauliza mkupuo. Machweo, pensheni yenyewe hupandishwa bei zikipanda? Kama haipandi, mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka utaila nusu ya thamani yake ndani ya miaka 14 hivi. Na mkeo ana umri gani? Afya yake?

Machweo59: Ana 51. Afya, yupo yupo.

Bi Tausi: Yupo yupo ndiyo nini?

Machweo59: Alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia. Lakini mimi mzima, sijawahi kulazwa hata siku moja. Hiyo kubwa italipa msaidizi sasa hivi. Kisanduku nimeshatia tiki, ila fomu bado iko nyumbani.

Msemakweli: Mke ni amana, mzee. Mlikula kiapo cha shida na raha.

Chungu cha Tatu: Uzi wa kutunga huu. Akaunti imefunguliwa leo, kila akiulizwa kinaongezeka kipande. Mwenye mgonjwa ndani angeanza na mgonjwa.

Machweo59: Sikutaka kumwanika. Kila asubuhi namvisha mimi. Mkono uliolegea unatangulia kwenye shati, mzima unafuata. Kuvua ni kinyume chake. Mwezi wa kwanza sikulijua hilo, nikawa namvuta bega, machozi yanamtoka kimya kimya. Na hilo nimelitunga?

Nesi wa Zamu: Hivyo ndivyo tunavyowafundisha ndugu wodini. Namwamini. Baba, bima nyingi za afya hulipa daktari, dawa na kulazwa. Kuogesha, kulisha, kumgeuza kitandani kila siku, hazilipi. Ndiyo maana Ujerumani walianzisha bima ya matunzo ya lazima 1995, na Japani 2000. Sasa kazi hiyo unaifanya wewe bila malipo. Ukiondoka wewe, ndipo atahitaji fedha zaidi, na ndipo pensheni kubwa itakapokoma. Bima mpya itafute kabla ya hiyo ya kazini kuisha, uulize muda wa kusubiri kabla hawajaanza kulipia ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Kiharusi usikifiche, watakuja kukataa madai.

Chungu cha Tatu: Niwie radhi, mzee wangu. Ukishairudisha hiyo fomu, uchaguzi unabadilishika?

Machweo59: Pale chini wameandika haubadilishwi baada ya malipo ya kwanza. Kesho naenda kuomba fomu nyingine. Nesi, usiku vidole vyake vinakunja ngumi, kucha zinamchoma kiganjani. Nimfanyeje?