Okestra ndogo na piano: maiki kuu niziweke wapi?

Mgeni_wa_Kebo
Habari za kazi wakuu. Nina okestra ndogo ya kurekodi: wapiga violini, viola, chelo na besi kama ishirini hivi, obo mbili, honi mbili, na piano kubwa ya tamasha. Wanapiga koncheto ya piano ya Mozart, K. 414 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart). Ukumbi una dari ya juu na hautakuwa na hadhira. Piano imekaa mbele ya mwongozaji, kifuniko kimeinuliwa hadi mwisho. Nina maiki mbili za omni (zinazosikia pande zote) na mbili za kadioidi (zinazosikia zaidi mbele). Kwenye mazoezi niliweka omni mita 3 mbele ya piano, kimo cha mita 2. Piano imejaa kila mahali, violini utadhani ziko chumba cha pili. Nifanyeje?

Waya_Mrefu
Kodi maiki zaidi mkuu. Moja kwa kila kundi la ala, mbili ndani ya piano, mengine utayamaliza kwenye kumiksi.

Sikio_Kwanza
Waya_Mrefu, kwa bendi ningekubaliana nawe. Hapa kila violini itaingia kwenye maiki nne au tano kwa nyakati tofauti, na mtu atakesha akipatanisha sauti ambazo ukumbini zilikuwa zimeshapatana.

Mgeni, maiki ulizonazo zinatosha. Kinachokuponza ni kimo. Kifuniko cha piano kazi yake ni kuitupa sauti kwa watazamaji, na kwa mita 2 wewe umekaa safu ya kwanza kabisa. Halafu piga hesabu: piano iko mita 3, violini tuseme mita 5. Kwa umbali peke yake violini zimeshapungukiwa na zaidi ya desibeli 4, na hapo nguvu za piano yenyewe hatujazigusa.

Panda hadi mita 3.5 na usogee mbele, maiki zifike juu ya piano au hata ziivuke kidogo kuelekea kwa wapiga violini. Sasa umbali wa piano na wa violini unakaribiana, na kifuniko kinaanza kukukinga na ule ukali wa nyundo. (Stendi ya kimo hicho iwekee mifuko ya mchanga miguuni. Chini yake wamekaa watu.) Omni ziachanishe sentimita 50 hivi, nyuso zake zielekee violini za safu ya nyuma, maana hata omni kwenye sauti za juu kabisa husikia vizuri zaidi upande wa mbele.

Ukifanya hivyo piano itafifia kidogo, na hilo ndilo tunalolitaka. Ung'avu utaurudisha kwa kadioidi mbili, nje ya kifuniko, upande wa mkunjo wa piano, kama mita moja kutoka kwenye nyuzi. Kwenye kumiksi zicheleweshe zilingane na omni: sauti huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo kama omni ziko mita 2 mbali zaidi na piano kuliko kadioidi, anza na milisekunde 6 kisha sikiliza. Zipandishe taratibu hadi uzitambue, halafu zishushe kidogo. Na usiitandaze piano kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia. Hakuna mpiga piano mwenye mikono ya upana wa jukwaa.

Obo na honi ziache. Mozart mwenyewe alitangaza kwamba K. 413 hadi 415 zinaweza kupigwa hata bila vipulizo, kwa hiyo hakuna chochote kinachoning'inia kwao.

Nyuzi_Nne
Vipi kuhusu Decca Tree, ule mpangilio wa maiki kuu tatu kwenye stendi moja?

Sikio_Kwanza
Inataka omni tatu, yeye ana mbili. Na ule upana wa mita 2 hivi kati ya kushoto na kulia unapendeza kwa okestra kubwa. Kwa watu ishirini waliokaa karibu karibu naona unawatawanya bure.

Jambo la maana zaidi ni kwamba hakuna hadhira. Mgeni, ongea na mwongozaji: piano igeuzwe, mkia uingie katikati ya okestra, kifuniko kiondolewe kabisa. Mpiga piano akikubali, nusu ya niliyoandika hapo juu huyahitaji.

Mgeni_wa_Kebo
Kuigeuza wamekataa, mpiga piano anataka kumwona mwongozaji kama alivyozoea. Nimepandisha hadi mita 3.5 na kusogea mbele. Violini zimerudi, chelo zina mwili. Sasa kwenye kadioidi nasikia mdundo mzito kila anapoachia pedali.

Sikio_Kwanza
Huo unapitia sakafuni. Jukwaa la mbao? Weka mpira mnene chini ya stendi na uitoe kwenye ubao uliokanyagwa na miguu ya piano. Ukibaki, kata kila kilicho chini ya hezi 40 kwenye kadioidi pekee. Omni usiziguse, besi inaishi humo.

Mgeni_wa_Kebo
Ni mbao, ndiyo. Kesho naingia mapema na vipande vya mpira kabla hawajafika.