Ngozi inawasha usiku, na mawazo yakizidi inakuwa balaa

Mkazi wa Ngamiani, Tanga: Wakuu, mikono inawasha usiku, hasa siku za mawazo mengi. Vipele hakuna, ni ukavu tu. Nipake nini?

Jibu: Pole ndugu. Msongo wa mawazo hupandisha kotisoli, homoni ya msongo, na ngozi huchelewa kujitengeneza. Unyevu hupotea, ncha za neva huchokozeka. Kujikuna huzichokoza zaidi. Oga maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, sabuni kwapani, kinenani na miguuni tu. Jifute kwa kugusagusa, na kabla ya dakika 3 kupita paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato.

Jibu: Mafuta ya nazi yanafaa pia, ila ngozi iwe na unyevu bado. Ukizidiwa, bandika kitambaa cha maji baridi dakika 10. Baridi hutuliza mwasho. Tafadhali sana, usiguse mkorogo. Mara nyingi una steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe na mwasho: hukondesha ngozi, na ukiuacha ghafla mwasho hurudi kwa kishindo.

Jibu: Wenzako nyumbani wanawashwa pia, hasa katikati ya vidole? Huenda ni upele wa kuambukizana (skabi), na mnatibiwa wote pamoja. Macho yakiwa ya manjano au ukikonda, wahi hospitali.