Nyotamkia kutoka nyumbani Mwanza: kamera, stendi na dakika 20

Kutoka Leicester

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa. Swali kwa wanaorudi likizo na kamera. Nyotamkia angavu ikiwa chini magharibi baada ya jua kuzama, lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ndogo (inayokuza mara 1.5, sawa na milimita 75) ipewe sekunde ngapi? Na kifaa cha kufuata nyota (kinachozungusha kamera polepole pamoja na anga) kinaelekezwaje, maana mwongozo wake wote unazungumzia Nyota ya Kaskazini?

Kutoka Ilemela, Mwanza

Marahaba. Nyota ya Kaskazini isahau. Mwanza iko digrii 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo haichomozi, na ncha ya kusini ya anga nayo imeinuka digrii 2.5 tu, imejificha nyuma ya miamba na miti. Mhimili wa kifaa hapa unakaribia kulala sawa na ardhi. Baadhi ya vitako vya kuinamishia kifaa havishuki kiasi hicho, basi kipime chako kabla hujafunga sanduku. Kikigoma, funga kifaa moja kwa moja kwenye kichwa cha kawaida cha stendi, uweke simu yenye programu ya kupima mlalo juu yake. Swichi ya kifaa iwe S (kusini). Ukiiacha N (kaskazini), kifaa kinakimbia kinyume na anga na mistari ya nyota inakuwa mirefu mara mbili ya ile ya kamera isiyofuatilia kabisa.

Kusini usikutafute kwa dira ya simu juu ya slebu, nondo zinaipotosha. Mchana fungua ramani ya setilaiti, fuata mstari wa kusini kutoka paa lako hadi mnara au jiwe unaloliona kwa macho, na usiku uelekeze hapo. Kosa la digrii 1 linasogeza picha sekunde 8 za tao (sekunde ya tao ni digrii 1 ÷ 3,600), au pungufu, kwa picha ya sekunde 30: kwa milimita 50 ni kama nusu pikseli, halionekani. Kwa milimita 200 ni pikseli 2, hapo nyota zinaanza kurefuka.

Bila kifaa, ile kanuni ya 500 (gawa 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde) inakupa 500 ÷ 75, karibu sekunde 7. Ni nyingi mno. Magharibi kabisa ndiko nyota zinakokwenda mbio kuliko zote, kwa hiyo tumia 300 badala ya 500: sekunde 4, apecha f/2 au f/2.8, ISO 1600, faili za RAW. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi. Fokasi ifanye kwa mkono juu ya nyota kali au Zuhura, skrini ikikuzwa mara 10, kisha ubandike gundi ya karatasi kwenye pete isiteleze. Piga picha 60 mfululizo, halafu 20 nyingine lenzi ikiwa imefunikwa, ISO na sekunde zilezile, ili programu ya kuunganisha picha iondoe chembe zinazoletwa na joto la sensa.

Linalowaponza wengi ni muda. London katikati ya Oktoba giza kamili linakuja zaidi ya dakika 90 baada ya jua kuzama. Huku jua linashuka wima, dakika 70 tu na giza limeingia. Nyotamkia iliyo digrii 15 juu wakati jua linazama nayo itazama saa moja baadaye, na picha nzuri zipo kati ya dakika ya 30 na ya 50. Stendi isimame na fokasi iwe tayari nyota ya kwanza inapoonekana.

Kutoka Nansio, Ukerewe

Naongeza juu ya ziwa lenyewe, maana ndilo linaloamua. Jioni mawingu hukaa nchi kavu na juu ya maji huwa peupe, kwa hiyo nyotamkia ya jioni inawafaa sana mlio ufuo wa Mwanza. Alfajiri mambo hugeuka: mvua za radi za usiku hujengeka juu ya ziwa. Nyotamkia ikichomoza mashariki kabla ya jua, ondokeni ufuoni mwende bara, Kisesa au mbele yake.

Mkiwa ufuo wa Luchelele mnaangalia ghuba na vilima vya Sengerema ng'ambo. Mkiwa Igombe mnapata maji mengi zaidi.

Sasa dagaa. Wavuvi hutoka usiku wa giza, siku zilezile ambazo mpiga picha anazitaka, na taa zao hujaza mstari wa maji. Msiwalaumu, ni riziki yao. Inueni fremu mpaka maji yawe sehemu ya sita tu ya picha, na msizidishe sekunde 4. Siku hizo pia wadudu wa ziwani hupanda kama moshi. Wakitua kwenye lenzi msiwafute kwa kitambaa, wakipondeka huacha mafuta. Wapulizeni kwa pampu ya mpira. Taa ya kichwa iwe nyekundu.

Programu za kuunganisha picha: Siril au DeepSkyStacker, zote za bure. Nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS, iliyoikaribia dunia tarehe 12 Oktoba 2024, siku hizo ilikuwa ikikimbia kama digrii 6 kwa siku. Hiyo ni sekunde 60 za tao katika dakika 4 (picha 60 za sekunde 4): pikseli 4 kwa milimita 50, lakini pikseli 15 kwa milimita 200. Kwa lenzi ndefu unganisheni mara mbili, mara moja kwa nyota, mara moja kwa kichwa cha nyotamkia. (Na tafadhali tusiiite kimondo. Kimondo ni kile cha Mbozi, kilichoanguka.)

Kutoka Toronto

Asanteni. Kwa wasafiri: betri za akiba na pawabanki ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, chini ya kikomo cha ndege cha Wh 100. Chaja isomeke 100–240V, kwani ile ya 120V pekee itaungua kwenye 230V ya nyumbani. Stendi nyepesi ya safari hutikiswa na upepo wa ziwa. Ning'inizeni kidumu cha lita 5 chenye maji katikati ya miguu, kiguse ardhi kidogo kisibembee.