Uzamili wa utamaduni na utandawazi: Pwani, Makerere, London au Ujerumani?

binti_langoni
Assalaam aleikum jamaa. Nina shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, na huu ni mwaka wa tatu natembeza wageni hapa Amu, kisiwani Lamu. Nataka kusoma uzamili ila swali langu halikai katika idara moja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, na haki ya utamaduni ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Sasa hiyo ni sheria, ni mambo ya bahari, au ni mila? Mvuvi akiukosa mwamba aliorithi kwa babake, amekosa nini kisichohesabika kwa shilingi? Walimu wangu wa zamani kila mmoja ananivutia kwake.

Nimebakiwa na njia nne: Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, Makerere, London, Ujerumani. Aliyepita huko anijuze. Mfuko wangu mwepesi, mlijue hilo mapema.

nahodha_mzee
Wa aleikum salaam mwanangu. Digrii ya kwanza imekupa kazi gani hata uitafute ya pili? Nauliza tu.

mpandamatatu
Mzee wangu, mwache aulize.

Dada, mimi niko Kampala, kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, ile MISR. Programu yao ilianza 2012 wakati Mahmood Mamdani akiwa mkurugenzi, na imechanganywa makusudi: siasa, uchumi, historia na utamaduni chini ya paa moja. Mie niliingia na ushairi wangu mkononi, nikajikuta nasoma mambo ya ardhi na kodi za mkoloni. Mwanzoni niliona napotezewa wakati. Baadaye nikarudi kwenye tenzi zile zile nikaona madeni na mashamba ambayo miaka yote nilikuwa nikiyaruka. Kwa swali lako hilo, sijui pengine pazuri zaidi. Ila jipime: safari yote hadi uzamivu ni miaka mitano. Anayetaka cheti cha haraka asije.

shela_ughaibuni
Mimi nilikwenda London, chuo cha SOAS, kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Uzamili wa kule ni mwaka mmoja. Chevening wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza urudi kwenu usipungue miaka miwili. Utembezaji wako ni kazi, kaa ujumlishe saa zako.

La kuchekesha (au la kuliza): miswada ya tenzi za huku kwetu kwa hati za Kiarabu niliishika kwa mara ya kwanza kule, si Amu.

Ubaya ni kwamba mwaka mmoja haukupi nafasi ya kuvuta pumzi. Tasnifu inaandikwa kuanzia Juni hadi Septemba. Lakini kwako wewe huenda ikawa kheri: utarudi nyumbani pepo za kusi zimekaza, wavuvi wengi wamekaa madakani, hawana haraka na mtu.

mwalimu_faza
Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg kwa sisi tusiotoka Umoja wa Ulaya. Usishangilie bado. Asiye na ufadhili hutakiwa aonyeshe pesa za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu kabla ya kupewa viza, na mwaka 2024 kiwango kilifika yuro 11,904. Kwa hiyo anza na DAAD, shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo, ofisi wanayo Nairobi. Chuo Kikuu cha Bayreuth kuna watu wanaokijua Kiswahili chetu hasa, na kila mwaka hufanya kongamano la Kiswahili. Kuna pia Erasmus Mundus, programu za uzamili za Umoja wa Ulaya: mwaka mmoja hadi miwili, nchi mbili au zaidi, na anayepata ufadhili hulipwa yuro 1,400 kwa mwezi. Ile ya masomo ya utandawazi inaongozwa na Chuo Kikuu cha Leipzig.

Kilifi usiidharau. Ukiwa pale unaweza kupanda basi Ijumaa na kulala kwenu. Omba tu wasimamizi wawili kutoka idara mbili tofauti, na uombe mapema.

Ila umeisahau Dar! Pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu unaiandika kwa Kiswahili. Hao wavuvi wako wataisoma kwa Kizungu?

binti_langoni
Ahsanteni sana. Mwalimu, hilo la lugha limenichoma, sikuwa nimelifikiria. Miaka mitano siiwezi, mama yuko peke yake. Nitajaza Chevening na DAAD zote mbili, na huku naandika barua Kilifi. Dar naomba nilale nalo kwanza.

Nahodha, swali lako sijalijibu kwa sababu sina jibu.

nahodha_mzee
Si neno. Nimesoma yote haya pole pole, mjukuu akinisomea pale miwani iliposhindwa. Miamba ya kutoka Mkanda mpaka upande wa bandari naijua kwa majina, mmoja mmoja. Wanangu wanajua mitatu. Kama hayo nayo husomewa digrii, njoo na daftari. Njoo maji mafu lakini, siku za bamvua, maji makubwa, hunipati.