Naomba ushauri, dogo kaniletea kinyonga kutoka Amani

Wadau habari zenu. Kijana wangu wa darasa la sita alikuwa likizo kwa bibi yake Amani, kule milima ya Usambara, jana karudi hapa Tanga mjini na kinyonga kwenye boksi la viatu, dume, ana pembe mbili puani kama faru mdogo. Mama wa nyumba ya pili kamuona kakimbia mpaka kandambili kaacha mlangoni kwangu 😂

Sasa shida ni hii, nilimwekea maji kwenye kifuniko hakugusa kabisa, mpaka nilipopulizia majani ya mpera ndo akaanza kulamba matone, panzi mmoja kala ila leo mchana huu anafumba macho na yamebonyea ndani. Nahisi joto la huku linamuua, kule kwao ni mlimani baridi na ukungu.

Nimwachie hapa kwenye mwarobaini au lazima arudi msitu uleule? Na nikimpandisha kwenye basi bila kibali si ntaonekana nasafirisha nyara za serikali, au nianzie kwa watu wa maliasili? Dogo analia anataka kumfuga, mi sitaki. Mwenye kujua anisaidie leoleo.