Ampli ya taa ya kwaya: tuiongeze nguvu au tuiuze?

Mwimbaji, Kamalondo (Lubumbashi): Ndugu zangu, kwaya yetu ina ampli (kikuza sauti) ya zamani ya taa za kioo, ina taa mbili za aina ya EL34, wati 40 hivi. Kanisani inatosha. Kwenye kilio (matanga), watu wakijaa uwanjani, wa nyuma hawasikii neno. Wazee wamegawanyika: hawa wanataka fundi aipandishe nguvu, wale wanataka tuiuze tununue ya transista. Nyinyi mnaonaje?

Fundi, Katuba: Msiuze! Ongezeni EL34 mbili sambamba na zile, mtapata wati 80. Kazi ya siku mbili.

Yaya (mkubwa wetu) wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi: Fundi, mkono wako naujua, ila hapa nakataa. Taa nne zinataka transfoma ya sauti (ile iliyo kati ya taa na bafle, yaani spika) yenye impedansi, yaani ukinzani kwa umeme wa sauti, nusu ya ile ya sasa, na chuma kingi zaidi. Ukibakiza ya zamani, besi itakwaruza. Tena kila EL34 inakula ampea 1.5 kwenye filamenti (waya wake wa kupasha moto) peke yake. Je, transfoma ya umeme itabeba mzigo huo?

Tuseme umefaulu. Kutoka wati 40 hadi 80 sikio linapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Watu wa nyuma watasema, "Kidogo imepanda." Ili sauti ionekane mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati 400! Sasa angalieni bafle. Bafle ya sebuleni inatoa desibeli 88 hivi kwa wati moja ukiwa mita moja. Ya tarumbeta, yenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, inafika 100. Tofauti hiyo ya 12 ni sawa na kuzidisha wati mara 16, na ampli haijafunguliwa hata skrubu moja. Pesa ya kwaya iende huko.

Mpiga gitaa, Kamalondo: Namuunga mkono Yaya. Na sisi wa gitaa tunaipenda ile taa inapofika mwisho wa nguvu zake, sauti inanenepa. Ukiipa wati 80 utamu huo utaupata kwa kelele ambayo hakuna kilio kinachoivumilia.

Fundi, Katuba: Bafle nakubali. Lakini wimbo wa watu 30 si gitaa. Ukinenepa, maneno yanapotea, na kwenye kilio maneno ndiyo yanayofariji. Nafasi ya ziada ya nguvu inahitajika.

Yaya wa Kenya: Basi anza na umeme. Jioni ukishuka kutoka volti 220 hadi 180, nguvu ya ampli inapungua karibu theluthi, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Hizo ndizo wati unazotafuta. Na tafadhali, vijana wa kwaya wasiifungue wenyewe: kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) zinaweza kushika volti 400 hata baada ya kuchomoa waya, na zinaua.

Mwimbaji, Kamalondo: Jumamosi jioni tutapima umeme, Fundi aje na mita yake. Nani ana bafle za tarumbeta za kutuazima siku moja, tuzijaribu uwanjani?