Pikapu ya dizeli inasumbua kuwaka asubuhi: nianze na betri, plagi za hita au pampu?

Mkulima_Njombe
Habari zenu wanajukwaa. Tangu baridi ya Juni ianze, gari langu linasumbua sana kuwaka asubuhi, ingawa mchana linawaka bila shida yoyote. Nimewauliza mafundi watatu na kila mmoja ana lake: wa kwanza anataka ninunue betri mpya, wa pili anataka nibadilishe plagi za hita (zile zinazopasha joto silinda kabla injini haijawaka), na wa tatu anasema pampu ya dizeli ishushwe ikafanyiwe matengenezo. Fedha niliyo nayo inatosha jambo moja tu, na Jumamosi natakiwa kufikisha viazi Makambako alfajiri. Ningekuwa ninyi, mngeanza na lipi?

FundiUmeme
Ndugu yangu, hukutuambia gari ni aina gani, injini ni ipi, wala stata inazungukaje. Je, injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, au inazunguka kwa uzito kama inayotaka kusimama? Moshi unatoka, na ni wa rangi gani? Bila majibu hayo, kila ushauri utakaopewa hapa utakuwa wa kubahatisha.

Betri_Kwanza
Mimi nasema aanze na betri, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri wakati huohuo inapofanya oili ya injini kuwa nzito. Betri nzima iliyolala usiku kucha bila kazi inatakiwa kusoma karibu volti 12.6, na stata ikipigwa isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Asafishe pia vichwa vya betri na kukaza waya wa ardhi, maana ule unga mweupe unaojikusanya pale huzuia umeme kuliko watu wanavyodhani.

Mkulima_Njombe
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa shambani. Gari ni Hilux ya zamani, injini ni ile inayoitwa 3L (ni jina la injini, si lita tatu). Stata inazunguka vizuri kabisa. Unatoka moshi mweupe unaouma macho na kunuka dizeli, na likishawaka linatetemeka dakika chache kabla ya kutulia. Taa ya hita kwenye dashibodi inawaka na kuzimika kama kawaida, ndiyo maana sikuziwazia sana plagi.

FundiUmeme
Sasa tunazungumza. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli maana yake ni kwamba dizeli inafika kwenye silinda lakini haipati joto la kuiunguza, na huko kutetemeka kunaonyesha kwamba silinda moja au mbili zinachelewa kushika. Taa ya dashibodi isikuridhishe, kwa sababu inaweza kuwaka na kuzimika vizuri hata kama plagi zote nne zimekufa. Fungua lile bamba linalounganisha vichwa vya plagi, kisha upime kila plagi peke yake kati ya kichwa na bodi ya injini: nzima husoma chini ya omu moja hivi, iliyokatika haisomi kitu. Kama huna mita, tumia taa ya kupimia iliyoshikizwa kwenye chanya ya betri. Ukigusa kichwa cha plagi nzima, taa itawaka.

Mama_Uyole
Kaka, ukinunua plagi, soma volti zilizoandikwa kwenye plagi yenyewe, usikubali kuambiwa kwamba zinafanana. Pikapu yetu ilifungwa plagi za volti 6 mahali pa zile za volti 11, kwa sababu tu uzi ulikuwa uleule. Siku za mwanzo gari liliwaka kwa kugusa swichi tu, tukafurahi na kumsifu fundi. Kabla ya baridi kwisha likaanza kusumbua upya, na plagi zilipofunguliwa mbili zilitoka, nyingine zikagoma kwa sababu ncha zilikuwa zimevimba kwa joto. Moja ilikatikia ndani. Ikabidi silinda hedi ishushwe ili kile kipande kitolewe, tukanunua na gasketi mpya, na mazao yakasubiri uani wiki nzima. Gereji ile haikurudisha hata shilingi.

Dereva_Mkuu
Poleni mama. Kwa Jumamosi anunue dawa ya kuwashia injini, ile ya kupuliza kwenye njia ya hewa. Gari litawaka tu.

FundiUmeme
Hapana, tafadhali. Kupuliza dawa ile kwenye injini yenye plagi za hita zinazofanya kazi ni hatari, kwa sababu inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Ni afadhali alaze gari mteremkoni.

Dereva_Mkuu
Tumeitumia miaka mingi kwenye malori na hakuna lililovunjika.

Mzee_wa_Dizeli
Malori mengi ya injini kubwa hayana plagi hizo kabisa, kwa hiyo mfano huo hauhusiki. Mimi nina wasiwasi na hewa. Mkulima, kabla ya kupiga stata, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Likiwaka mara moja, basi kuna mpira au kofia inayovuta hewa usiku na dizeli inarudi kwenye tenki. Na je, unaweka oili gani? Kama ni 20W-50, kwa baridi ya Njombe ni nzito mno, mimi hutumia 15W-40 ambayo ni nyepesi zaidi.

Betri_Kwanza
Injini iliyochoka ukiiwekea oili nyepesi, itaila.

Mzee_wa_Dizeli
Inayokula oili hula yoyote, bwana. Tatizo hapo ni ringi za pistoni.

Mkulima_Njombe
Nimejaribu kupampu asubuhi ya leo. Liliwaka mapema kidogo, lakini moshi ulikuwa uleule. Inawezekana yote mawili yapo? Taa ya kupimia nitaiazima kwa jirani jioni.

FundiUmeme
Inawezekana. Ukishapima plagi, pima pia kama umeme unafika kwenye bamba swichi ikiwa imewashwa. Usipofika, shida iko kabla ya plagi, kwa mfano kwenye relei (swichi inayozipelekea umeme) au waya, na plagi mpya hazitakusaidia.